Meli ya makazi, meli ya ekspedisheni au boti ya tanga: ipi ikufikishe kule mbali?

Watu wengi wanaotaka kufika Antaktika, Svalbard (visiwa vya Norwe kaskazini kabisa), Tristan da Cunha (kisiwa cha Atlantiki ya kusini) na sehemu za namna hiyo wanakwama kwenye njia tatu, na kila wanayemuuliza anawavutia upande wake. Mwenye boti atakwambia boti, aliyenunua nyumba kwenye meli ya makazi atakwambia hakuna maisha kama yale, na aliyepanda meli ndogo ya ekspedisheni atakwambia hizo nyingine ni kujichosha bure. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anaongelea maisha yake yeye. Mi nataka niziweke zote tatu kwenye vipimo vilevile, afu we uangalie ipi inakaa kwenye hali yako.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Meli ya makazi ni meli unayoishi humo kabisa, umenunua au umekodi nyumba ndani yake kwa miaka, inazunguka dunia mwaka mzima na mara chache kwa mwaka inaenda sehemu ambazo meli nyingi haziendi. Inayojulikana zaidi ni The World, ilianza 2002, ina nyumba 165 na wakazi wenyewe ndo wenye meli. Zipo pia za bei ya chini, meli za watalii za zamani zilizogeuzwa kuwa makazi, kabini ni ndogo na unaweza kuingia kwa pesa kidogo sana ukilinganisha na ile ya kwanza. Meli ya ekspedisheni we unapanda kwa siku kumi, wiki mbili, mwezi, inakupeleka kwenye barafu au visiwa vya mbali, unashuka unarudi kwako. Biashara hii ilianzishwa na Lars-Eric Lindblad, 1966 ndo alipeleka kundi lake la kwanza la watalii Antaktika, na 1969 akawa na meli iliyojengwa kwa kazi hiyo. Ya tatu ni boti ya tanga, iwe yako au umeikodi pamoja na nahodha wake, watu wachache tu ndani.

Vipimo nilivyotumia, kwa uzito ninaouona mimi: utashuka nchi kavu kweli au utaangalia kutoka dekini, nani anashika kalenda, bahari ikichafuka nani anakuja kukuchukua, pesa na namna ya kutoka ukichoka, siku za kawaida zinakuwaje, makaratasi ya viza na vibali, na mzigo unaouacha kule ulikoenda.

Kushuka nchi kavu

Naanza na hiki kwa sababu brosha zote zina picha ileile, mtu kavaa koti la rangi kali kasimama na pengwini nyuma yake, ila haikuambii ni watu wangapi walikuwa wanasubiri zamu yao nyuma ya mpiga picha.

Antaktika kanuni ziko wazi. Meli iliyobeba abiria zaidi ya 500 haishushi mtu hata mmoja. Watu wanaoruhusiwa kuwa nchi kavu sehemu moja kwa wakati mmoja hawazidi 100, kila abiria 20 lazima wawe na angalau kiongozi mmoja, na meli moja tu ndo inahudumia eneo moja kwa muda huo. Sasa piga hesabu mwenyewe: meli ya watu 90 inashusha wote pamoja na mnakaa mpaka muda uishe, meli ya watu 190 inabidi igawe makundi mawili, nyie mkiwa juu wenzenu wanazungushwa na boti za mpira katikati ya barafu, afu mnabadilishana, na kwa siku nzima muda wako wa kukanyaga ardhi unakatika karibu nusu. Meli ya watu 400 ndo usiseme, makundi manne, na hali ya hewa ikibadilika mchana wale wa kundi la mwisho wanabaki ndani. Kwa hiyo mtu akikwambia "tunaenda Antaktika" bado hajakwambia kitu, muulize abiria wangapi.

Kwa kipimo hiki meli ndogo ya ekspedisheni iko vizuri sana, imetengenezwa kwa hilo, wafanyakazi wake wanashusha na kupandisha watu kila siku msimu mzima, na viongozi wanayajua mawe na makoloni ya ndege kwa majina.

Meli ya makazi inategemea ni ipi. The World ni ndefu, mita 196, ila watu ndani kwa kawaida ni kama 150 hadi 200 tu, wakazi na wageni wao, kwa hiyo kwenye kushusha watu inaweza kufanya kazi kama meli ya ekspedisheni, na kwa safari hizo inachukua wataalamu wa nje waje na ujuzi wao. Lakini ile ya bei nafuu iliyogeuzwa kutoka meli ya watalii mamia, ikishajaa zaidi ya ile 500 Antaktika yake itakuwa kupita na kuangalia. Siyo kitu kibaya, siwa la barafu linalokupita ukiwa na kikombe cha chai mkononi ni kitu cha kukaa nacho moyoni miaka, ila ujue mapema ndo unachonunua.

Boti ya tanga ina raha yake ambayo hizo nyingine haziwezi kukupa. Inaingia kwenye vighuba vya rasi ya Antaktika ambavyo meli haigeuki humo, mnafunga kamba kwenye miamba huku na huku, mnalala hapo siku mbili tatu, asubuhi mnaamka pengwini wanapita chini ya ubavu wa boti. Hamna zamu, hamna kipaza sauti. Ila usidhani boti ndogo inashinda kila mahali. Tristan da Cunha iko kama kilomita 2,800 kutoka Cape Town, haina uwanja wa ndege, watu wake hawafiki 300, na pa kutia nanga ni wazi kabisa mbele ya mawimbi, kwa hiyo boti ya watu wawili lazima mmoja abaki ndani akichunga nanga, na upepo ukigeuka mnaondoka hata kama mmesafiri majuma kufika pale. Meli nazo kwa Tristan zinahangaika, bandari yenyewe ni ndogo mno, boti za kushushia zinategemea bahari ya siku hiyo, na zipo meli nyingi zimefika zikakiona kisiwa zikaendelea na safari. Pitcairn, kisiwa kidogo cha Pasifiki, hivyohivyo, ni boti ndefu za wenyeji ndo zinakuja kuwachukua, na bahari ikikataa wenyeji ndo wanapanda kwenu na bidhaa zao.

Kwingine idadi inabana zaidi. Svalbard tangu 1 Januari 2025 meli inayoingia maeneo ya hifadhi haitakiwi kubeba zaidi ya abiria 200, na ndani ya maeneo hayo mnashuka sehemu 43 tu zilizotajwa. Galápagos, visiwa vya Ekwado, meli za watalii hazizidi abiria 100 na lazima uwe na kiongozi wa hifadhi. Kwa hiyo hata ukiwa na nyumba nzuri kiasi gani kwenye meli ya makazi, Galápagos utaiona kwa kupanda meli ya wenyeji.

Nani anashika kalenda

Hapa meli ya makazi ina kitu ambacho watu hawakitegemei. Kule The World wakazi ndo wanaopiga kura meli iende wapi, na wanapanga miaka kabla. Ndo maana 2012 iliweza kupita Njia ya Kaskazini-Magharibi, ile ya baharini juu ya Kanada, kutoka Nome (Alaska) mpaka Nuuk (Greenland), na Januari 2017 ikaenda kwenye Bahari ya Ross huko Antaktika mpaka Ghuba ya Nyangumi, nyuzi 78 na dakika 43 kusini, rekodi ya kusini kabisa kufikiwa na meli wakati huo. Kampuni ya kawaida ya watalii inajiuliza tiketi zitauzika, wakazi wanajiuliza tunataka kuona nini, na majibu yanakuwa tofauti.

Ila kura yako ni moja. Majirani wengi wakitaka Mediterania, mtaenda Mediterania. Na hata wakitaka barafu kama wewe, misimu haijali mtu: Antaktika ni Novemba mpaka Machi, ile Njia ya Kaskazini-Magharibi ni Agosti na Septemba hivi na mwaka mwingine barafu inaziba njia hata hapo. Sehemu kubwa ya mwaka meli ya makazi iko kwenye bandari za miji na visiwa vya kawaida. Mtu anayewaza barafu tu anajikuta analipia mwaka mzima ili apate majuma machache, na hilo linauma kama hukulijua. Kwa anayependa na miji, bandari, na zile siku ndefu za bahari tupu bila nchi kuonekana, mambo ni mazuri.

Meli ya ekspedisheni kalenda unaichagua kwenye orodha, tarehe ikikukaa vizuri unalipia. Lakini ukishapanda nahodha na kiongozi wa msafara ndo wenye siku, barafu ikifunga mlango wanageuza, na mkataba utakuwa umeshasema hivyo. Watu wanaolalamika sana kwenye meli hizi ni wale waliokuja na orodha ya maeneo mkononi.

Boti ya tanga kalenda ni yako, afu siyo yako. Kutoka Ushuaia, mji wa kusini kabisa ya Ajentina, mpaka rasi ya Antaktika ni kama kilomita 1,000 kupitia mlangobahari wa Drake, meli inachukua kama siku mbili, boti ya tanga ni zaidi ya hapo na unaweza kukaa bandarini siku kadhaa ukisubiri upepo ukae sawa. Mtu mwenye likizo ya wiki mbili ambayo haisogei asijiweke kwenye boti ya tanga, mi naona ni hatari, maana tarehe ya ndege ya kurudi inamsukuma nahodha atoke siku ambayo asingetoka.

Bahari ikichafuka

Tangu 1 Januari 2017 meli zinazoenda maji ya ncha za dunia zinafuata kanuni za kimataifa za polar, chombo kinapimwa kinaweza barafu ya namna gani, maboti ya kuokolea yawe ya kufaa baridi, na maofisa wawe na mafunzo. Meli nyingi za ekspedisheni zimejengwa na ngozi ngumu ya barafu, na zipo zilizoenda mbali zaidi, Le Commandant Charcot kwa mfano ilifika Ncha ya Kaskazini Septemba 2021. Meli ya makazi kwa kawaida inabaki kwenye maji yaliyo wazi au barafu nyepesi na inachukua rubani wa barafu. Ukubwa wake unaisaidia kwenye mawimbi ya Drake, hutupwi huku na huku kama kwenye meli ndogo, na mtu mwenye kichefuchefu atalielewa hilo haraka sana. Ila kwenye vighuba vyembamba visivyopimwa kina ukubwa huohuo ni mzigo.

Hakuna chombo kisichozama. MS Explorer, ileile ya Lindblad ya 1969, ilizama karibu na King George Island, kisiwa cha jirani na rasi ya Antaktika, 23 Novemba 2007 baada ya kugonga barafu. Watu wote 154 walitoka salama kwa sababu meli nyingine zilikuwa karibu na bahari siku hiyo ilitulia. Septemba 2023 Ocean Explorer ilikwama kwenye fiodi (mkono mwembamba wa bahari kati ya milima) ya Alpefjord kaskazini-mashariki ya Greenland na watu 206, na ilikaa siku tatu mpaka meli ya utafiti wa samaki ilipokuja kuivuta wakati maji yamejaa. Hiyo ni fiodi inayojulikana, meli mpya, hamna dhoruba. Kwa hiyo kwenye safari hizi swali langu kwa kampuni yoyote ni hili: meli ya karibu zaidi itakuwa wapi? Rasi ya Antaktika msimu ukikolea kuna meli nyingi zinaongea kwa redio, Bahari ya Ross ziko chache mno, na kusini mbali ya Pitcairn kuna Point Nemo, sehemu ya bahari iliyo mbali kuliko zote na nchi kavu, ambapo nchi kavu ya karibu iko kilomita 2,688.

Kwenye afya meli ya makazi inakuwa na kliniki na daktari anayekujua kwa jina na historia yako, na hilo kwa mtu mzima mwenye presha au sukari ni kubwa. Bado siyo hospitali, mkiwa siku tano kutoka bandari na unahitaji upasuaji, mko siku tano kutoka bandari. Meli ya ekspedisheni ina daktari, itakudai fomu ya afya na bima ya kukutoa kwa ndege kabla hujapanda, na usidanganye kwenye ile fomu, tafadhali, anayelipa ni wenzako wote ambao meli itageuzwa kwa ajili yako. Boti ya tanga daktari ni we mwenyewe, sanduku la dawa na sauti ya redio. Kituo cha CIRM cha Rome kimekuwa kinawapa mabaharia ushauri wa daktari bure tangu 1935, ni msaada mkubwa, ila mshono atashona aliyepo.

Na boti ya tanga usiichukulie poa. David Lewis alitoka Sydney peke yake 1972 na boti yake Ice Bird, boti ikapinduka kwenye bahari ya kusini, mlingoti ukavunjika, na akafika kituo cha Palmer Antaktika Januari 1973 kwa matanga ya kubabaisha na mikono iliyoungua kwa baridi. Alikuwa baharia wa miaka mingi. Sisemi usiende, nasema kwenye boti ya tanga uzoefu wa nahodha ndo kila kitu, kuliko boti yenyewe.

Pesa, na namna ya kutoka

Nyumba kwenye meli ya makazi ya kifahari ni mamilioni ya dola, na juu yake kuna ada ya kila mwaka ya mafuta, mabaharia, bandari na matengenezo. Hiyo ada ndo ya kuangalia kuliko bei, maana haikomi hata mwaka ambao hukulala humo, na meli ikizeeka matengenezo yanapanda. Zile za bei nafuu zinakuuzia haki ya kuishi kwenye kabini kwa muda wa mkataba au kwa uhai wa meli, na ukisikia "uhai wa meli" jiulize meli ina umri gani leo. Kutoka ni kugumu, huwezi kuuza kwa wiki moja, wanunuzi ni wachache na wanasubiri.

Mradi wenyewe nao unaweza kuanguka. Upo uliokuwa uondoke Istanbul Novemba 2023 kwa safari ya miaka mitatu, ukafutwa kwa sababu meli haikupatikana, na watu walishapangisha nyumba zao na kuuza vitu. Meli nyingine ilikwama Belfast 2024 miezi karibu minne ya matengenezo kabla ya kuanza, wakazi wengine wakawa mahotelini. Baadaye ikaondoka na inasafiri. Kwa hiyo kama meli bado haijaanza kusafiri, pesa yako ikae kwenye akaunti ya dhamana ya mtu wa tatu, siyo ya kampuni, na hilo usikubali kulegeza.

Meli ya ekspedisheni kwa siku moja ni ghali kuliko watu wanavyofikiria, lakini inaisha. Unalipa, unaenda, hamna ada inayokufuata. Piga hesabu ya safari moja nzuri kila mwaka kwa miaka kumi uweke pembeni ya ada za meli ya makazi, mara nyingi utashangaa. Usisahau tu ndege za kufika Ushuaia au Longyearbyen (mji wa Svalbard), na nguo, na bima.

Boti ya tanga inaanza rahisi ukinunua ya mkono wa pili, afu inakula pole pole: matanga, injini, kamba, nanga ya pili, nanga ya tatu. Bima ya kwenda nyuzi za juu, yaani karibu na ncha za dunia, wengi hawakupi kabisa au wanataka uonyeshe maili ulizosafiri. Kukodi boti na nahodha mzoefu ndo njia ya kati, na kwa wengi mi naona ndo yenye akili.

Siku za kawaida

Hizi ndo siku nyingi. Kwenye meli ya makazi unaamka kitandani kwako, vitabu vyako viko kwenye rafu, unafanya kazi yako kwa intaneti ya setilaiti ambayo siku hizi imekuwa nzuri, jioni unakula na watu unaowajua miaka. Kufika mahali pa mbali bila kufungasha begi, na kuondoka bila kuaga nyumba, ni kitu ambacho hizo nyingine hazina. Upande wa pili ni kijiji kidogo, ugomvi na jirani utakutana nao kwenye ngazi, marafiki wako wa nchi kavu wanakuzoea kutokuwepo, harusi na misiba unapigiwa simu ukiwa katikati ya bahari. Watoto ni wachache humo kwa kawaida, na meli ikipandishwa chelezoni kwa matengenezo wote mnahama.

Ekspedisheni ni maisha ya kambi, kengele saa kumi na mbili asubuhi, buti, mihadhara, boti, kulala. Watu wanarudi wamechoka na wana furaha. Huwezi kuishi hivyo mwaka.

Boti ya tanga ni kazi. Zamu za usiku, kuchota dizeli, kutengeneza pampu ya choo mikono ikiwa imeganda, kupika huku jiko linayumba. Kwa watu wa aina fulani hiyo ndo maana nzima ya kwenda, ardhi waliyoifikia kwa mikono yao wanaiona kwa jicho jingine. Kwa wawili ambao mmoja hapendi, ni shida, na hakuna pa kwenda.

Viza na vibali

Kuishi kwenye meli hakukupi uraia wa bahari. Bendera ya meli siyo paspoti yako, na kama paspoti yako inadai viza nyingi, meli ya makazi itakupa kazi ya kudumu ya kuomba viza kila njia inapobadilika. Schengen, eneo la viza moja la Ulaya, ni siku 90 ndani ya 180, hata kama usiku unalala melini huenda zikahesabiwa, ulizia. Svalbard yenyewe haidai viza ila unapita Norwe kwenda na kurudi, kwa hiyo viza ya Schengen iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Greenland haimo Schengen, viza ya Denmark lazima iandikwe inafaa Greenland. Kwenye ekspedisheni unashughulikia safari moja kwa wakati na kampuni inaomba kibali cha Antaktika kwa ajili yenu. Kwenye boti yako vibali ni juu yako, na Antaktika siyo pori lisilo na mwenyewe, mkataba wa 1959 na itifaki ya Madrid ya 1991 vinataka uwe na ruhusa ya nchi yako kama imo. Tristan nayo unaomba ruhusa ya baraza la kisiwa kabla ya kufika.

Mzigo unaouacha kule

Hili nalijali sana na sitalificha. Homa ya ndege ya H5N1 ilionekana South Georgia, kisiwa cha Atlantiki ya kusini, Oktoba 2023, na mwanzoni mwa 2024 ikathibitishwa Antaktika bara. Ndo maana unaambiwa usafishe buti na kila mshono wa koti kabla ya kushuka, usikae chini, usipige magoti kwenye theluji kwa ajili ya picha, ukae angalau mita 5 kutoka kwa wanyama. Svalbard dubu ni mita 300, na kuanzia 1 Machi mpaka 30 Juni ni 500.

Meli za ekspedisheni zenye uanachama wa IAATO, chama cha kampuni za utalii wa Antaktika kilichoanzishwa 1991, zinalisimamia hili kwa nidhamu. Meli ya makazi inaweza kulifanya vilevile ikiwa imechukua timu nzuri, na wakazi wanaorudi mara kadhaa wanazizoea taratibu, ila inabeba jengo zima la starehe mpaka kwenye barafu kwa ajili ya watu wachache na mafuta yanaliwa kwa kiasi hicho. Mafuta mazito yamepigwa marufuku Antaktika tangu Agosti 2011, hilo angalau linazibana meli zote. Boti ya tanga inachoma kidogo kuliko zote, lakini hamna wa kuwaangalia, kila kitu kinabaki kwenye dhamira ya waliomo.

Kwa hali yako

Umestaafu au kazi yako inafanyika popote, una pesa ambayo hata ikifungwa miaka hailiumizi tumbo la mtu, unapenda bahari yenyewe kama unavyopenda barafu, na mnaelewana na mwenzio: meli ya makazi iangalie kwa makini. Kwanza kodi nyumba ya mkazi kwa muda, au nenda kama mgeni kwenye safari yao moja ya mbali, uone majirani kabla ya kuona mkataba.

Una kazi yenye likizo za kuhesabu, au una watoto wa shule, au ndoto yako ni sehemu mbili tatu tu: ekspedisheni, meli isiyozidi watu 100 ukiweza, na panga msimu mmoja kabla. Ukiogopa Drake, zipo safari za kuruka kwa ndege kutoka Punta Arenas (Chile) mpaka King George Island kama masaa mawili na kukutana na meli kule, ila ukungu unaweza kuwachelewesha siku nzima.

Ni baharia, au unataka kuwa, na muda unao kuliko pesa: boti ya tanga, lakini msimu wa kwanza wa nyuzi za juu uwe chini ya nahodha aliyeshaenda. Fiodi za Norwe au mifereji ya Patagonia zitakufundisha barafu na upepo kabla ya kuvuka Drake.

Una ugonjwa unaohitaji daktari karibu: usichague boti ya tanga. Kati ya mbili zilizobaki, chagua njia yenye meli nyingi karibu na uwanja wa ndege usiokuwa mbali, rasi ya Antaktika kuliko Bahari ya Ross, Svalbard magharibi kuliko Greenland kaskazini-mashariki.

Umeshapenda meli ya makazi ila pesa yako inatosha zile za bei nafuu tu: inawezekana kabisa, ishi humo kwa ajili ya bandari, visiwa na majirani, afu ile Antaktika ya kukanyaga iwekee bajeti yake pembeni upande meli ndogo meli yako ikiwa imefika Amerika Kusini. Na kabla hujatuma pesa yoyote muulize muuzaji kwa maandishi safari yao ya mwisho ya barafu ilibeba abiria wangapi, na ilishusha watu mara ngapi.